Jumamosi ya Musa: Amri Kumi, Sinema na Kiswahili katika Jinja na Mbale

Sisi walimu wa lugha tuna desturi ya kudhani kwamba historia ni shamba la wenzetu, na kwamba kazi yetu ni ngeli, methali na insha. Hata hivyo, yako mambo madogo ya kila siku ambayo mwalimu wa lugha akiyatazama vizuri huyaona yamebeba historia nzima mgongoni. Makala hii yahusu jambo moja la namna hiyo: sinema ya kale ya Nabii Musa tuliyoitazama siku moja ya Jumamosi shuleni kwetu mjini Jinja, siku ambayo haikuwa na kazi nyingi, pamoja na maswali ambayo sinema hiyo ilituachia. Tulianza na sinema, tukaishia kwenye jina la siku ya wiki. Na kati ya hayo mawili tulipitia Buganda ya mwaka 1875, Mbale ya mwaka 1919, na daftari moja la alama ambalo hatukupenda kulifungua tena.

SIKU TULIVU KAZINI

Ulikuwa mwisho wa muhula. Wanafunzi walikwisha kwenda makwao, madawati yalikwisha kupangwa ukutani, na uwanja ambao siku zote hujaa kelele ulikuwa umeachiwa korongo na kunguru. Walimu watatu tulibaki ofisini tukimalizia ripoti za wazazi. Ilipofika saa nne ripoti zilikwisha, mvua ikaanza kunyesha kutoka upande wa ziwa, wala hapakuwa na mtu wa kwenda popote. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu wa historia, alipotoa nakala ya filamu ya Kimarekani iitwayo The Ten Commandments, yaani Amri Kumi, akashauri tuitazame kwa projekta ya shule huku tukingoja mvua ipite. Mvua ilipita mapema, lakini sisi tulikuwa tungali tumekaa. Filamu hiyo huchukua dakika 220, yaani saa 3 na dakika 40, na katikati yake watazamaji hupewa mapumziko.

Yafaa tuwaeleze wasomaji wetu vijana filamu hiyo ni ipi. Mtengenezaji wake ni Cecil B. DeMille, ambaye alikwisha kutengeneza filamu ya jina hilohilo mwaka 1923, wakati sinema zilipokuwa bado bubu. Hii ya pili ilitoka mwaka 1956. Charlton Heston ndiye Musa, na Yul Brynner ndiye Ramesesi. Matukio kadhaa ya nje yalipigwa nchini Misri mwishoni mwa mwaka 1954, na askari wapanda farasi wa jeshi la Misri ndio walioendesha magari ya vita ya Farao. Kugawanyika kwa bahari kulifanywa kwa ufundi: maji yalimwagwa ndani ya birika kubwa, kisha picha ikaonyeshwa kinyumenyume, hata maji yakaonekana kusimama na kuachana. Ufundi huo ndio ulioipatia filamu tuzo ya Oscar. Aidha, Musa wa filamu hii hakutoka katika Biblia peke yake. Mwanzoni kabisa watengenezaji wanawataja waandishi wa kale kama Filo na Yosefo, pamoja na mapokeo ya Kiyahudi. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuitumia darasani hana budi kuwaambia wanafunzi kwamba hii ni hadithi iliyosimuliwa upya, wala si ushahidi wa mambo yalivyokuwa.

Mwenzetu wa pili ni Mwislamu. Alitukumbusha kwamba Musa hutajwa katika Kurani kuliko nabii mwingine yeyote, na kwa sababu hiyohiyo alisema haimpendezi kumwona mwigizaji akivaa sura ya nabii. Akataja mfano wa filamu ya The Message ya mwaka 1976, iliyotengenezwa na Moustapha Akkad, ambamo Mtume Muhammad haonekani wala sauti yake haisikiki. Tulimwuliza kama tuizime. Akasema hapana, ila yeye atageuza kiti kuelekea dirishani. Basi akageuza kiti, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, na mara mbili tatu alitusahihisha.

Aliyebadilisha mambo yote, lakini, alikuwa mzee mlinzi wa lango. Aliingia kujikinga na mvua, koti lake likichuruzika maji, akasimama nyuma yetu akitazama. Mzee huyu ni mtu wa West Nile, kutoka mbali kaskazini ya Arua. Kiingereza chake ni cha salamu tu, na lugha anayozungumza na watu wa Jinja ni Kiswahili. Baada ya muda akauliza kwa upole, “Mwalimu, huyu anasema nini?” Tukamvutia kiti. Tangu hapo hadi filamu ilipokwisha tukawa wakalimani.

SAUTI KANDO YA PICHA

Kazi hiyo ya kukalimani sinema si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika Tanganyika. Lori la jaribio hilo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, likionyesha picha jioni viwanjani. Maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo, ama kwa sahani za santuri ama kwa mtu aliyeshika kipaza sauti. Hivyo tangu mwanzo palikuwa na sauti kando ya picha, na watazamaji wengi waliifuata sauti hiyo kuliko midomo ya waigizaji.

Katika miji yetu, majumba ya sinema yalikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanya biashara wa Kihindi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na baada ya hapo majumba mengi yalififia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja kanda za video, na pamoja nazo vibanda vya mabati na mikeka ambamo kijana mwenye kipaza sauti huitafsiri filamu papo hapo kwa Luganda. Watu humwita viijei. Huyu si mfasiri wa kuheshimu maneno ya wenyewe. Huongeza, hupunguza, hutania, na humpa kila mhusika kabila na tabia.

Sisi tulikulia Mbale, na katika miaka ya 1990 tulimwona Musa kwa mara ya kwanza katika kibanda kimoja cha namna hiyo. Jambo moja la siku ile halijatutoka. Musa alisema Luganda, na Ramesesi vivyo hivyo. Wazee wa Israeli walisema Luganda ya heshima. Lakini kila msimamizi wa Farao alipoinua mjeledi, yule viijei alibadili sauti akasema Kiswahili: amri fupifupi, za ukali, zenye matusi kidogo. Kibanda kizima kilicheka, nasi tulicheka pamoja nacho. Hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa utani huo. Kila mtu katika kibanda kile alijua kwamba mtu mwenye bunduki husema Kiswahili.

Historia ya utani huo ni ndefu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kikosi cha King's African Rifles tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kikuzwe katika shule na ofisi za Uganda, na viongozi wa Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa mbele, wakakipinga. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini wananchi walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani kuliko madarasani. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili na Jinja siku chache baadaye. Safari hii Kiswahili kilikuwa cha mkombozi, lakini bado kilivaa magwanda. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kitekelezwe. Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili katika Uganda aingiapo darasani huingia pamoja na kivuli cha yule msimamizi wa Farao.

UBAO WA KABAKA

Hapa ndipo historia inapotupa jambo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili wa Uganda angefaa kulijua kwa moyo. Mwezi wa Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Mutesa alikuwa akifahamu Kiswahili na kusoma herufi za Kiarabu, mambo ambayo wafanya biashara wa pwani walikuwa wameyaingiza katika jumba lake. Stanley aliandika katika barua yake kwamba Amri Kumi za Musa ziliandikwa kwenye ubao ili Kabaka azisome kila siku. Miongoni mwa watu wa msafara wake alikuwako kijana aitwaye Dallington Muftaa, aliyesomeshwa na misheni ya UMCA katika Unguja. Huyu alisaidia kazi ya kumfasiria Kabaka hadithi za Biblia kwa muhtasari, na hadithi hizo zilipitia Kiswahili kabla ya kufika masikioni mwa jumba la Mutesa. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki kwa Kabaka akiwa mwandishi na msomaji wake. Wamisionari wa kwanza wa CMS hawakufika hadi mwaka 1877.

Maana ya jambo hili ni kubwa. Kabla ya kambi yoyote ya jeshi la kikoloni kujengwa katika Uganda, Kiswahili kilikwisha kuingia kikiwa kimebeba biashara, Uislamu, na maneno ya Musa. Amri zenyewe, za kutoua, za kutoiba, na ile ya kuacha kazi siku moja kati ya saba, zilisikika huku pia kwa kinywa cha kijana aliyesoma Unguja. Yule viijei wa Mbale hakuyajua hayo. Nasi pia, tuliocheka, hatukuyajua.

“HAWA WANAPUMZIKA LINI?”

Turudi kwenye sinema. Picha ilifika mahali pa watumwa kwenye mashimo ya udongo, wakikanyaga matope na majani makavu kutengeneza matofali. Mzee alikuwa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Mwalimu, hawa wanapumzika lini?”

Tulitaka kumjibu haraka kwamba mtumwa hapumziki. Lakini filamu yenyewe ina jibu jingine. Musa, angali mwana wa kifalme aliyepewa kazi ya kujenga mji wa Farao, anawafungulia watumwa ghala za nafaka za makuhani na kuwapa siku moja kati ya saba wapumzike. Ramesesi analichukua jambo hilo na kulipeleka kwa Farao kama ushahidi wa uasi. Katika Kitabu cha Kutoka hakuna kisa hicho. Ni cha watengenezaji wa filamu. Hata hivyo wameigusa kweli moja: kwa mwenye kutumikisha watu, siku ya mapumziko huonekana kama mwanzo wa maasi. Tulimweleza mzee hayo yote. Akatikisa kichwa, akasema, “Siku moja kwa saba. Si mbaya.” Hakusema zaidi. Sisi tulijua, na wenzetu walijua, kwamba yeye mwenyewe alikuwa akilinda lango lile siku saba kwa wiki.

Mji wa Jinja unalielewa swali lake. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, lenye mashine 10 za kufua umeme. Ni mwaka uleule ambao DeMille alipiga picha zake Misri, kwenye mto uleule. Kati ya Jinja na pwani ya Misri maji husafiri kwa muda wa miezi mitatu hivi. Na ingawa sehemu kubwa ya maji ya Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, serikali ya Misri iliyajali maji haya ya kwetu kiasi cha kuchangia gharama za bwawa na kumweka mhandisi wake mjini Jinja ayaangalie. Umeme ulileta viwanda, nguo za NYTIL zikiwa maarufu kati ya bidhaa zake, na viwanda vilileta watu: Wasoga, Wagisu, Wasamia, Wajaluo, Wadama, Walugbara na wengine. Walipangwa katika nyumba za Walukuba na kwingineko, na wengi wao walielewana kwa Kiswahili. Maisha yao yaliendeshwa kwa zamu. Mashine ya umeme haijui Ijumaa, Jumamosi wala Jumapili. Zamu ya usiku huingia zamu ya mchana inapotoka. Katika mji kama huo, siku ya mapumziko haiji yenyewe. Ni jambo la kudaiwa na kupatanishwa.

MBALE NA WATU WA SABATO

Amri hiyohiyo ya siku ya saba ilimpata mtu mwingine upande wa Mbale. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki, na watu wengi humhesabu kuwa ndiye mwanzilishi wa mji wa Mbale. Alitumaini kupewa ufalme, lakini Waingereza walimpunguzia madaraka kidogo kidogo. Akawaacha, akajiunga kwanza na dhehebu la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali na kuishika Jumamosi. Alizidi kuisoma Biblia ya Luganda, iliyokamilika mwaka 1896, hasa vitabu vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na Wamalaki, akajiita Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa ajili ya wafuasi wake. Alifariki mwezi wa Novemba 1928. Wafuasi hao, ambao hujiita Abayudaya, yaani watu wa Yuda, wako hadi leo katika vilima vya karibu na Mbale, na sinagogi lao kubwa liko Nabugoye.

Hakuna mwalimu aliyetumwa kutoka ng'ambo kuja kumgeuza Kakungulu. Alisoma kitabu, akachukua maneno yake kama yalivyo. Kama siku ya saba ni Jumamosi, basi Jumamosi ataacha kazi. Ni msomaji wa namna ambayo sisi walimu tungependa kuwa naye darasani, ijapokuwa pengine tungemwogopa.

Katika utawala wa Amin dini hiyo ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia dini nyingine, wakabaki mamia machache waliosali kwa siri. Tumekwisha kutaja kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndiyo ilianza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka siku ambayo Musa aliwatoa watu wake Misri. Watu wa Nabugoye hawahitaji sinema ili kulieleza jambo hilo.

JINA LA SIKU

Hapa mwalimu wa lugha anaweza kuongeza neno lake. Katika Kiswahili, siku hii tunaiita Jumamosi, na mosi ni moja. Wiki yetu huhesabiwa tangu Ijumaa, siku ya Waislamu kukusanyika. Siku inayofuata ndiyo ya kwanza. Katika Luganda siku hiyohiyo ni Lwamukaaga, yaani ya sita, kwa kuwa hesabu yao huanzia Jumatatu, ambayo nayo huitwa Bbalaza, neno lililotokana na baraza letu la Kiswahili. Kwa Wayahudi ni Sabato, siku ya saba, hesabu ikianzia Jumapili. Na tusijione sisi kuwa wanyofu kupita wengine: wiki yetu ina Jumatano, na ina Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu pia ni ya tano. Tuna siku mbili za tano katika wiki moja, na tunaishi nazo bila ugomvi.

Basi siku moja ni ya kwanza, ni ya sita, tena ni ya saba. Hakuna kati ya hesabu hizo iliyo ya uongo. Tofauti ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Somo hili tumelifundisha miaka mingi kama jambo la kuchekesha wanafunzi. Hatukuwa tumetambua kwamba sisi wenyewe tulishindwa mtihani wake.

DAFTARI LA ALAMA

Mwaka 2004, tukiwa walimu wachanga mjini Jinja, tulipanga jaribio la Kiswahili asubuhi ya Jumamosi. Katika darasa palikuwa na mvulana kutoka upande wa Mbale, wa jamii ya Abayudaya, mtulivu na mwepesi wa kushika methali. Hakuja. Jumatatu alisimama mbele ya meza yetu, akasema kwamba Jumamosi haikuwa siku yake. Sisi tulimjibu kwamba shule haina siku ya mtu, tukaandika sifuri. Tulikuwa tumekulia Mbale. Tulikuwa tumewaona watu wake tangu utotoni, tukijua kabisa kwamba Jumamosi hawaendi sokoni. Hatuwezi kusema kwamba hatukujua. Tulichokosa ni muda wa kumwuliza. Sifuri ile ilimshusha nafasi yake ya muhula, naye hakulalamika.

Wakati huohuo jambo kama hilo lilikuwa mbele ya mahakama za nchi. Wanafunzi wa Kisabato walikuwa wamekishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ilikataa madai yao, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo. Kwa kipimo cha sheria, basi, pengine hatukukosea. Lakini si kila jambo linaloruhusiwa na sheria linamtosha mwalimu. Chuo kikubwa kina maelfu ya watu na ratiba moja. Sisi tulikuwa na mvulana mmoja, na jaribio la dakika 40 ambalo tungeweza kulirudia alasiri yoyote.

Hayo yote yaliturudia pale mzee alipouliza swali lake. Tulikuwa tukimpa Musa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri kadiri ya uwezo wetu, na kwa mara ya kwanza wasimamizi wa Farao hawakuwa peke yao katika lugha yetu. Lakini maneno tuliyomwambia yule mvulana mwaka 2004 yalikuwa ya Kiswahili pia. Yalikuwa mafupi, na yalikuwa na ukali uleule wa kibandani.

Mwezi uliofuata tulikwenda Mbale kwa shughuli za jamaa. Njia ya Tirinyi hupita katika mabonde ya mto Mpologoma, ambako mafunjo yamesimama pande zote mbili za barabara. Mafunjo hayo ndiyo waliyoyatumia Wamisri wa kale kutengenezea karatasi na mitumbwi, na ndiyo yanayofikiriwa kuwa yalisukwa kisafina cha Musa mchanga. Katika Misri yenyewe yamekaribia kutoweka porini. Huku kwetu watu huezekea nyumba na kusukia mikeka. Tuliyatazama kwa macho mengine siku ile.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima, naye ni mwalimu kama sisi, anafundisha hesabu. Tulimkuta siku ya Jumapili, akatupokea kwa heshima zote, akatuita mwalimu kama zamani. Chai ilipokwisha kunywewa tulimwambia kilichotuleta. Alitabasamu, akanyamaza kidogo. “Mwalimu,” akasema, “ile sifuri niliisahau zamani. Ninalokumbuka ni kwamba hukuniuliza.” Kisha akatuuliza habari za watoto, na mazungumzo yakaendelea. Hatukuongeza neno, kwa kuwa alikuwa amesema kila kitu.

NENO KWA WALIMU WENZETU

Mbale ni mji wenye bahati yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa hapo mwaka 1988, na siku ya Ijumaa mji husikia adhana. Jumamosi vilima vya Nabugoye hutulia. Jumapili makanisa hujaa. Siku tatu zinafuatana, na wote hao humwita Musa nabii wao. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha huko, au Jinja, au popote katika Afrika ya Mashariki, huenda akawa na watoto wa siku zote tatu katika dawati moja.

Tunapendekeza mambo mawili madogo. La kwanza, kabla ya kupanga jaribio au safari, mwalimu aulize. Swali halina gharama, na Kiswahili kina maneno mengi ya kuulizia kwa adabu. La pili ni zoezi la darasani. Kila mwanafunzi aandike majina ya siku saba katika lugha ya mama yake, aeleze maana yake, na aonyeshe hesabu inaanzia siku gani. Wanafunzi walinganishe majibu yao kwa Kiswahili. Katika saa moja watakuwa wamejifunza namba, historia, na habari za majirani zao, na lugha yetu itakuwa imefanya kazi iliyofanya kwenye ubao wa Kabaka: kumfikishia mtu neno la mwenzake.

Kuhusu yule mzee, tulilipeleka jambo lake katika mkutano wa walimu muhula ulipofunguliwa. Palikuwa na maneno mengi juu ya fedha, na uamuzi haukupatikana hadi mkutano wa pili. Sasa yuko kijana anayeshika lango siku moja kwa wiki. Mzee alipoulizwa achague siku, alichagua Ijumaa.